Jamaa wa Karibu

Kile kiti kilikuwa hakijapata kukaliwa na mtu. Aliyekikalia, tangu kilipoingia hadi siku ninayoisimulia, ni shanta.

Kilikuwa kiti cha ngozi nyeusi, kipana, chenye mpini ubavuni wa kuvuta ili miguu inyanyuliwe na mgongo ulazwe. Morris alimletea mama yake siku alipotimiza miaka sitini na saba. Wachukuzi wanne walikipandisha hadi ghorofa ya tatu pale Bondeni, wakang'oa mlango kwenye bawaba ili kipite, na waliposhuka walishuka na makochi ya zamani na viti vya mbao vyote, kwa amri ya Morris, ili sebule ipate nafasi. "Sasa utapumzika, Mama," alisema Morris huku akiipigapiga ile ngozi kama mtu anayemwonyesha jirani ng'ombe aliyemnunua. Wanza alishukuru, kwa kuwa hakulelewa kukataa zawadi. Lakini mlango uliporudishiwa akabaki peke yake, alikizunguka kile kiti mara mbili. Kilikuwa na pa kichwa, pa viwiko, pa visigino. Kila kiungo chake kilikuwa kimeandaliwa mahali pa kungojea, naye alijua vizuri wanachokingojea watu wa umri wake wakilazwa hivyo. Hasira zikampanda.

Asubuhi yake alikwenda Makupa kwenye mitumba, akachakura hadi akapata shanta ya kijani, lile begi refu la mgongoni ambalo watalii hulibeba kama kwamba wamehama kwao. Akaipeleka Ndia Kuu kwa Fondo, fundi wa turubai aliyeweka cherehani yake nje ya duka la vinyago, akamtaka apunguze mikanda ya mabegani na aongeze wa kiunoni. Fondo alimpima kiuno kwa macho, kisha kwa kamba.

"Ni ya mjukuu, mama?" aliuliza.

"Kwani umempima mjukuu?"

Fondo hakuuliza la pili. Jioni hiyo shanta ikapandishwa ngazi, ikakalishwa kwenye kiti cha ngozi, mikanda yake ikining'inia huku na huku. Wanza akaketi sakafuni kwenye mkeka, akaitazama kwa furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka mingi.

Alichokusudia kilikuwa hiki. Angeupanda Mlima Kenya upande wa kaskazini, kwa njia ya Sirimon, alale siku nne katika mabonde ya juu yasiyo na nyumba wala duka wala mtu wa kumwuliza anakwenda wapi, auvuke mgongo wa mlima jirani na barafu, kisha ashukie Chogoria, upande wa pili, mzigo wake akiwa ameubeba mwenyewe. Kilele hakukitaka. Vilele aliwaachia vijana wenye haja ya kupigwa picha. Yeye alitaka kuvuka tu, aingie kwa mlango huu na atokee kwa ule.

Fikra yenyewe haikuzaliwa na kiti. Kiti kiliichokoza tu. Kule Mbooni alikozaliwa, asubuhi za Januari mawingu yakikubali, nyanya yake alikuwa akimwonyesha kwa kidevu kitu cheupe mbali kaskazini. Kiinyaa, nyanya aliuita mlima huo, na hakuunyoshea kidole. Wanza aliuliza watu hufika kule kwa njia gani. Nyanya akamjibu kwamba watu hawafiki, watu hutazama. Basi akatazama. Baadaye akaolewa na Musyoka, akashuka naye Mombasa, akaajiriwa reli, akazaa, akalea, akazika mume, akastaafu. Miaka sitini ilikuwa imepita tangu asubuhi zile, na Wanza alikuwa amechoka kutazama.

Kwenye reli ya zamani alikuwa karani wa kituo, Mazeras kwanza na Mariakani baadaye, na kwa miaka thelathini na mitatu hakuna dereva aliyeondoka kituoni kwake bila karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake. Njia ilikuwa moja, magari yaendayo na yarudiyo yakitumia chuma kile kile, kwa hiyo dereva hakuruhusiwa kusogeza gurudumu bila kushika cheti cha njia. Wanza ndiye aliyempigia simu karani wa kituo cha mbele. "Njia iko wazi?" Akijibiwa kuwa iko wazi, anaandika saa na nambari, anatia sahihi, na Mbodze, aliyekuwa mshika bendera, anampelekea dereva cheti kisha anainua bendera ya kijani. Kituo cha nyuma hakikuombwa kitu. Kilipewa taarifa tu: gari limeondoka, saa fulani. Nacho kilijibu kwa maneno yale yale kila siku, imepokewa, saa, na jina la kituo. Jibu lisilotaja kituo Wanza alikuwa akilirudisha. Morris alijifunza kusoma saa kwa taarifa hizo, kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Hivyo Wanza aliwafungulia njia maelfu ya watu, wakaenda, naye akabaki na kalamu yake.

Mombasa haina mlima. Mtu akitaka kuyazoesha magoti yake hapa hana budi kutumia ngazi, na Wanza alikuwa nazo. Kila siku baada ya sala ya alfajiri, wanaume wakitoka msikitini, alitia ndani ya shanta pakiti sita za unga wa mahindi, za kilo mbili mbili, akapanda na kushuka ghorofa zote nne mara kumi. Kisha akatoka barabarani na mzigo wake, akatembea hadi Makupa na kurudi. Siku nyingine alikata Mji wa Kale, akashuka zile ngazi za mawe zinazoelekea majini, akazipanda tena huku akihesabu pumzi.

Asilolifikiria ni watu. Mtu wa bara akionekana Mombasa na mzigo mgongoni, uso ameuelekeza Makupa, haulizwi aendako. Anakwenda nyumbani. Awe amezaliwa mjini hapa, awe amezeeka hapa, nyumbani kwake ni huko juu, na wenyeji humuaga kwa adabu zote.

"Mama Morris! Ndio safari hiyo?" aliita Tsuma, muuza kahawa wa pembeni mwa msikiti, siku ya kwanza. "Haya, tusalimie nyumbani."

"Zimefika," alijibu Wanza, maana hakuwa na pumzi ya maelezo.

Saa tatu akarudi. Tsuma aliinua macho kutoka kwenye buli lake. "Mbona warudi? Basi limekuwata?"

"Halijaniacha, Mzee Tsuma. Nilikuwa natembea."

"Haidhuru. Kesho damka mapema."

Kesho yake aliagwa tena, na keshokutwa, na siku zote za juma hilo. Kila asubuhi alitumwa salamu, kila saa tatu akapokelewa kwa pole. Juma la pili mama mmoja wa ghorofa ya chini alimpelekea mahamri na mbaazi, akamshika mkono, akamwambia kwamba ndugu ni hivyo hivyo, leo wanakukataa na kesho wanakuita. Wengine walisema mwenye nyumba amemtoa na mzee wa watu anaona haya kusema. Wengine, kwa sauti ya chini, waligusa kipaji cha uso na kutikisa kichwa. Wanza alizisikia zote. Mwanzo zilimchoma, kisha zikamchekesha, na mwishowe aliona kuwa anatembea vizuri zaidi akiwa amekasirika kidogo.

Habari ilimfikia Morris ofisini kwake bandarini ikiwa imetiwa chumvi ya kutosha: mama yake huzunguka mji na vyombo vyake vyote mgongoni, anataka kwenda nyumbani, hakuna wa kumpeleka. Jumamosi akaja mbio kutoka Nyali, shati limemganda mgongoni.

Alisimama mlangoni, akaona shanta imekalia kiti chake. Akaifungua. Akatoa pakiti moja ya unga, akatoa ya pili, akazipanga sakafuni.

"Mama," alisema polepole, "unauza unga?"

Wanza alicheka hadi akashika mbavu. Morris hakucheka, alitoa pakiti ya tatu. Mama yake akamketisha mkekani, akamweleza kila kitu, akamwonyesha ramani, akamwonyesha koti la mvua na viatu, akamwonyesha barua ya daktari aliyempandisha na kumshusha kijukwaa mara hamsini, kumpima presha na kumwambia dawa asiziache na apande taratibu. Mwisho akamwonyesha fomu. Waongozaji wa mlimani walimtaka kila mtu aliyepita miaka sitini na mitano awe na barua ya daktari na sahihi ya mtu wa kwao, na fomu ilikuwa itumwe kabla ya Ijumaa, la sivyo kikundi kingeondoka bila yeye. Safari ilikuwa Jumatatu ya tarehe kumi na tisa. Mstari mmoja tu ulibaki mtupu.

Morris aliisoma fomu yote. Kisha akaikunja mara mbili na kumrudishia.

"Kama ni bara unayoitaka, nimekujengea nyumba nyumbani," alisema. "Ina veranda. Ina maji. Utauona huo mlima ukiwa umekaa."

"Nyumbani wapi?"

"Mbooni, Mama. Nyumbani."

"Mbooni nilikaa miaka ishirini. Hapa nimekaa arobaini na saba. Nikifika kule watoto huuliza huyu mgeni ni wa nani. Mimi siendi nyumbani, Morris, niko nyumbani. Nataka kutoka."

"Kutoka uende wapi? Kwenye baridi, hewa hakuna, na hospitali iko mbali! Baba alikufia wapi?"

Lile jina halikuwa limetajwa kwa muda mrefu chumbani mle. Musyoka alianguka kwenye ngazi za jengo hilo hilo, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, siku maji yalipokatika, akiwa na mtungi wa lita ishirini mkononi. Morris ndiye aliyemwinua. Maji yalikuwa yametiririka hadi chini mlangoni.

"Mwaitu," alisema Morris. Alimwita mama kwa lugha yao pale tu alipoogopa. "Alikufa kwenye ngazi."

"Najua alipofia. Na kwa miaka tisa nimepapita hapo hapo kila siku, na mzigo wa sokoni, peke yangu. Uliwahi kuniuliza nazipandaje?"

 Morris alisimama, akazirudisha pakiti za unga ndani ya shanta moja moja, kwa utaratibu, kama kwamba kuzipanga vizuri kungemaliza jambo. Alipofika mlangoni akageuka.

"Sitatia sahihi karatasi ya kukuzika," alisema, akashuka.

Wanza hakulia. Kwa siku nne hakutembea. Alikaa mkekani akiwa ameegemea ukuta, akamfikiria mwanawe akipangusa maji ngazini akiwa na miaka thelathini na minne, na akamwonea huruma. Pengine mtoto ana haki. Pengine kupenda watu ni kukaa mahali ambapo wanakuona. Mara moja, Jumatano mchana, aliinuka, akaishika shanta mikanda ili aishushe chini, ajaribu kuketi. Mkono wake ukakataa. Aliiacha pale pale, akajiona mjinga, na akafurahi kwamba hakuna aliyemwona.

Alhamisi asubuhi alimpigia kiongozi wa kikundi, kijana wa Kimeru aitwaye Kirimi ambaye hajawahi kumwona uso, ili amwambie kwamba haji.

"Habari ya asubuhi, mama. Tunakungoja," alisema Kirimi. Nyuma yake ulisikika upepo na mlio wa kuku. "Nimekutafutia mahali pa kulala pasipo na umande."

"Mwanangu, fomu haijakamilika. Huku kwangu hawataki."

Kirimi alijibu polepole, kama mtu anayetafuta namna ya kusema bila kumvunjia mkubwa heshima. "Mimi sijui ya huko, mama. Mimi niko mbele. Na huku mbele njia iko wazi. Nyinyi huko nyuma ndio hamjamalizana."

Wanza aliitoa simu sikioni, akaitazama. Miaka thelathini na mitatu aliingojea sauti kutoka kituo cha mbele imwambie maneno hayo, naye akayaandika, akayatilia sahihi, akayapeleka kwa wengine. Hakuna siku hata moja aliyoshika simu kukiuliza kituo cha nyuma kama gari lina ruhusa ya kwenda. Karani angefanya hivyo angechekwa kutoka Mazeras hadi Voi. Lakini yeye mwenyewe, alipovua sare, maisha yake yote aliomba njia kwa walio nyuma: kwa baba, kwa Musyoka, kwa mama mkwe, kwa kanisa, na sasa kwa mtoto aliyemfundisha kusoma saa.

"Mama? Uko?"

"Niko. Niambie tena hilo la njia."

"Njia iko wazi, mama," alisema Kirimi, asielewe.

Wanza alitazama saa ya ukutani. "Saa mbili na dakika saba," alisema. "Nimeandika."

Akatoka na fomu mkononi, akagonga mlango wa pili. Mbodze alikuwa anachambua mchele. Tangu Mariakani wawili hawa hawakuachana. Walistaafu mwaka mmoja, wakapanga ukuta kwa ukuta, Mbodze na swala zake tano, Wanza na kwaya yake, na ufunguo wa kila mmoja ulining'inia kwa mwenziwe. Mbodze alikuwa na miguu ya kuvimba, mlima hakuutaka hata kwenye kalenda, lakini ndiye aliyemkopesha Wanza mizani ya jikoni kupimia mzigo.

"Umekuja na uso mwingine," alisema Mbodze. "Wa juzi umeuwata wapi?"

"Shoga, nisomee hapa. Mstari huu."

Mbodze alivaa miwani, akaisogeza fomu mbali, akaisogeza karibu. "Sahihi ya jamaa wa karibu."

"Jamaa wa karibu ni nani?"

"Ni mtoto, ni ndugu. Wataka niseme nini?"

"Wameandika mtoto? Wameandika ndugu?"

Mbodze aliisoma tena, safari hii midomo ikicheza. Aliishusha miwani hadi kwenye ncha ya pua. "Wameandika jamaa," alikiri. "Wa karibu."

"Morris yuko Nyali. Daraja zima liko kati yetu. Wewe uko wapi?"

"Mimi niko hapa," alisema Mbodze. Kisha akaangua kicheko, akaupiga ukuta unaogawa nyumba zao kwa kiganja, mchele ukamwagika mapajani. "Wallahi, Wanza, hapa hapa! Ukigeuka kitandani nasikia!"

Lakini kicheko kilipotulia hakuichukua kalamu. Aliokota punje za mchele kwenye kanga, moja baada ya nyingine.

"Ukifa kule," alisema, "yule mtoto hatanisemesha tena."

"Najua."

"Na mimi sitakuwa na mtu ukutani."

"Najua, shoga."

"Na hata hivyo waniomba."

"Sikuombi ruhusa, Mbodze. Njia nimeshapewa. Nakuomba bendera."

 Mbodze akapangusa vidole, akachukua kalamu, akaandika jina lake kamili kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, na chini yake akaweka sahihi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kwenye daftari la mahudhurio la kituo. Kisha, akiwa ameketi vile vile, aliunyanyua mkono wa kulia juu na kuushikilia hapo, bila kitambaa wala chochote, hadi Wanza akalazimika kugeuza uso.

Kirimi alipiga simu jioni. Picha ya fomu ilikuwa imefika. "Huyu Mbodze ni nani wako, mama? Majina hayafanani."

"Ni jamaa wa karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Nikikohoa saa hii, ataniuliza kama nimekunywa dawa."

Kutoka upande wa pili wa ukuta sauti ikapaa, "Dawa umekunywa?" Kirimi aliisikia. Alicheka, akasema basi, imetosha, watamlaki mjini Nanyuki.

Jumatatu Wanza alidamka, akavaa suruali ya kitambaa kizito na juu yake leso, kwa kuwa kutoka Bondeni na suruali tupu kungeongeza uvumi mwingine bure. Mkeka wa sebuleni aliukunja, unga aliutoa. Mahali pake aliweka koti, soksi nzito, dawa, blanketi la kulalia, sufuria ndogo, na kalamu. Akapima kwa mizani ya Mbodze. Kilo kumi na mbili kamili. Mbodze alimfungia mkanda wa kiunoni, na alipomaliza alirudi kwake na kufunga mlango haraka. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo.

Ngazini, kati ya ghorofa ya tatu na ya pili, Wanza alisimama kama ilivyokuwa desturi yake, akagusa ukuta, akapita.

Msikitini watu walikuwa wameshatoka. Mama wa mahamri alikuwa akifagia kizingiti, alimwona, akampisha. Tsuma alikuwa anachochea mkaa. Wanza alipunguza mwendo, akangoja aambiwe. Miezi mitatu aliagwa kila siku na mtu huyu kwa safari ambayo haikuwepo.

"Mama Morris, leo umewahi," alisema Tsuma bila kuinua kichwa. "Ukirudi nitakuwa nimekuwekea kikombe cha tangawizi."

Wanza alifungua kinywa amwambie. Kisha akaona kwamba hakuna salamu iliyowahi kumpendeza kama hiyo.

"Usinipunguzie sukari," alisema, akashika njia ya Makupa.

Alitembea kwa mwendo wa ngazi, hatua kwa pumzi, mzigo umetulia kiunoni pale Fondo alipouweka. Malori yalikuwa yameanza kupanga foleni. Pale yanaposimama mabasi ya bara utingo mmoja alimrukia, akashika shanta kwa nyuma.

"Lete mzigo nikutilie kwenye buti, mama. Wenda nyumbani?"

"Natoka nyumbani," alisema Wanza. "Na mzigo ni wangu, naubeba mwenyewe."

Utingo aliachia kama aliyeshika sufuria ya moto. Wanza alipanda, akapata kiti cha dirishani, akaiweka shanta kati ya magoti. Ndipo alipotoa simu. Hakuandika kama mama anavyomwandikia mwana. Aliandika kama alivyofundishwa, na vidole havikusita popote.

*Kutoka Bondeni kwenda Nyali. Gari limeondoka saa kumi na mbili na robo. Mzigo kilo kumi na mbili. Njia iko wazi hadi Chogoria.*

Akatuma. Kwa kanuni hakuwa na la kungojea. Gari haliwekwi kituoni kwa sababu ya jibu la nyuma. Hata hivyo simu aliishika mkononi, na alijua anaishika. Basi likajaa, likanguruma, likaingia kwenye tuta la Makupa lenye maji huku na huku. Kisiwa kilikuwa kinabaki nyuma.

Simu ikatetemeka.

*Imepokewa, saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili. Kituo: Bondeni.*

Aliisoma mara ya kwanza akatabasamu kwa sababu ya ufasaha wake. Aliisoma mara ya pili tabasamu likamtoka. Mara ya tatu aliweka kidole chini ya neno la mwisho, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kurudisha jibu lenye kosa. Hapakuwa na kosa. Morris hakuwa Nyali. Alikuwa ameamka kabla ya jua, akavuka daraja, akazipanda zile ngazi, na wakati huu amesimama mlangoni kwake.

Alikuja kumzuia, au alikuja kumshikia mzigo hadi Makupa? Ujumbe haukusema. Mkono ukainuka wenyewe kuelekea kengele ya kumsimamisha dereva. Ukabaki hewani, karibu na kengele, kwa muda wa pumzi tatu. Kisha Wanza akaushusha, akaushika mkanda wa shanta, akaukaza, ingawa alikuwa ameketi.

Mbele barabara ilianza kupanda kuelekea Mazeras. Ufunguo uko kwa Mbodze, aliwaza. Atamfungulia. Atampa chai, atamwambia akae. Na sebuleni mle, tangu makochi yalipoondolewa, na sasa mkeka umekunjwa, hamna pa kukaa ila kwenye kile kiti.